Dizeli ya zamani inayowaka ikipenda: uanze na umeme, mafuta au hita?

Gari la dizeli lililogoma moja kwa moja halimpi fundi shida. Shida ni lile linalogoma Jumatatu alfajiri, kisha Jumanne, fundi akiwa amesimama hapo na spana mkononi, linawaka mara moja utadhani ulilisingizia. Fundi hawezi kupima ugonjwa ambao kwa wakati huo haupo, kwa hiyo anabahatisha. Betri mpya kwanza. Baadaye stata. Mwishowe anatokea mtu anayeshauri pampu ishushwe, na pampu ndiyo yenye gharama kuliko vyote vilivyotangulia.

Kwa maoni yangu, pa kuanzia hapaamuliwi gereji. Panaamuliwa na dereva, dakika ileile gari linapogoma, kwa kutazama vitu viwili: kasi ya stata na moshi wa ekzosi. Mwenye majibu ya hayo mawili ameshafuta zaidi ya nusu ya washukiwa kabla hajafungua boneti.

Ninaongelea dizeli zisizo na kompyuta: 1HZ ya Land Cruiser (silinda 6, cc 4,164, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990), 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, na kidogo 300Tdi ya Land Rover. Zote zinatumia pampu ya mzunguko ya aina ya VE, na uzuri wake ni kwamba zikishawaka hazihitaji umeme isipokuwa kwenye kifaa kimoja kidogo, solenoidi ya kuzimia (sumaku ya umeme inayofungua na kufunga mafuta). Mwenye 1KZ-TE au 2L-TE ana kompyuta juu ya haya yote na asinifuate mpaka mwisho.

Washukiwa wakiwekwa pamoja

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwenye 1HZ zaidi ya mara 22, ikapata joto la kuwasha mafuta yanayopulizwa. Kwa hiyo injini inahitaji kuzungushwa kwa kasi ya kutosha, inahitaji mafuta yasiyochanganyika na hewa, na asubuhi ya baridi inahitaji kupashwa na hita (glow plug). Kila kinachogoma kinaangukia kwenye mojawapo.

| Unachokiona gari likigoma | Mshukiwa wa kwanza | Kipimo kisicho na gharama |
|---|---|---|
| "Tk" moja nzito, injini haizunguki, taa haziyumbi | Kontakti za ndani ya stata | Rudia ufunguo mara kadhaa: ikishika ghafla kwa nguvu zote, ndizo |
| Injini inazunguka kivivu, taa zinafifia | Betri, vichwa vyake, ethi (waya wa hasi) | Kebo ya jampa kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini |
| Inazunguka kwa kasi, ekzosi haitoi moshi wowote | Solenoidi, au hewa kwenye mafuta | Taa ya kupimia. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani |
| Inazunguka kwa kasi, moshi mweupe mwingi | Hita | Taa ya kupimia kwenye kila hita |
| Asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inagoma | Pampu iliyolika | Kitambaa kilicholowa maji |

Mstari wa tatu na wa nne ndio watu wanaochanganya zaidi. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikatoka bila kuungua. Ukiuona, acha kuhangaika na filta: mafuta yapo, joto ndilo halipo. Usipouona kabisa, hita mpya hazitakusaidia hata zikiwa za dhahabu.

Kuna na kipimo cha kusukuma. Gari likisukumwa kidogo tu likawaka, umeme ndio wa kutazamwa kwanza. Likisukumwa mpaka vijana wakachoka na halijatoa hata moshi, ni mafuta. Nasema "wa kutazamwa kwanza" kwa sababu kuna mtego hapo, nitaufikia kwenye solenoidi.

Umeme: betri au stata?

Hawa wawili wanasingiziana kila siku, lakini dalili zao hazifanani. Betri dhaifu inajitangaza. Taa za dashibodi zinafifia ukipiga stata, na mara nyingine unasikia "tatatata" ya haraka badala ya mlio mmoja. Kontakti za stata zilizolika zinafanya kinyume: taa zinabaki na nguvu zake, unasikia "tk" moja, basi. Unajaribu tena, "tk". Unajaribu mara ya tano, injini inazunguka kwa kasi kana kwamba hakukuwa na neno.

Stata za Denso zinazofungwa kwenye Toyota hizi zina vipande viwili vya shaba (ndizo kontakti) ndani ya solenoidi ya stata, si ile ya pampu, na kisahani kinachoviunganisha kila unapogeuza ufunguo. Kila mara cheche inakula shaba kidogo. Kipande kimoja kikishalika kuliko mwenzake, kisahani kinagusa siku nyingine na siku nyingine hakigusi. Kati ya sababu zote za gari la aina hii kuwaka likipenda, hii ndiyo ninayoitafuta kwanza kwenye gari lenye kilomita nyingi.

Ukiwa na mita ya umeme, ugomvi unaisha upesi. Betri iliyopumzika usiku kucha ikiwa imejaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Kubwa zaidi ni inachosoma wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya 9.6, betri haina nguvu au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki 12 na zaidi huku stata ikitoa "tk" tu, basi umeme hauingii kwenye mota ya stata, na hapo unarudi kwenye zile kontakti.

Betri inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikalaumiwa kwa sababu ya ethi. Waya wa hasi unaofungwa kwenye injini unapata kutu chini ya boliti, hasa magari ya Pwani, na kutu hiyo ina siku zake. Chukua kebo ya jampa, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Kasi ikiongezeka, mwizi umempata, na dawa yake ni brashi ya waya na spana. Niongeze la ukubwa wa betri, maana linakera: mtu anafunga betri ndogo ya N50 mahali pa kubwa ya N70 kwa sababu ya bei, kisha anashangaa gari linawaka mchana lakini alfajiri halitaki. Dizeli ya cc 4,164 haizungushwi kwa huruma.

Wenye Land Cruiser za volti 24 zilizotoka Japani waangalie jambo moja zaidi. Redio au chaja iliyochomekwa kwenye betri moja kati ya mbili inaifanya hiyo moja ichoke peke yake. Ukipima zote pamoja unaweza usione kitu. Pima kila moja.

Katika tiba, una njia tatu za stata: kubadilisha kontakti na kisahani, kununua stata ya mtumba, au kununua mpya ya bei rahisi. Ningechagua kontakti, mradi brashi za kaboni bado ni ndefu na bushi hazijalegea. Stata yako ya asili ikifanyiwa hivyo kwa mkono wa fundi makini inarudi ilivyokuwa, kwa gharama ndogo kuliko zote. Ya mtumba imekwisha kulika kwa kiasi usichokijua, na zile mpya za bei ya kutupa nyingi zina shaba nyembamba. Kugongagonga stata kwa nyundo kunasaidia kufika nyumbani. Ukiona kunasaidia mara kwa mara, brashi ndizo zimekwisha.

Mafuta: hewa inayoingia bila kuvuja

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na nitakaa kidogo.

Kwenye 1HZ na kwenye familia ya L hakuna pampu inayosukuma dizeli kutoka tangi. Pampu ya VE yenyewe inavuta, kupitia bomba refu la chini, filta, na ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Njia yote hiyo iko kwenye mvuto. Maana yake tundu dogo halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Unaweza kupapasa bomba zima, ukakuta kavu, ukaapa kwamba hakuna kinachovuja. Nalo linavuja, kwa kuelekea ndani. 300Tdi inatofautiana hapa: ina pampu ndogo ya kusukuma ubavuni mwa injini, kwa hiyo tundu lililo baada ya pampu hiyo linalowesha, na lililo kabla yake ndilo linaloingiza hewa.

Dalili ya hewa ni gari kulala. Likikaa saa nzima linawaka, likilala usiku kucha linagoma, kwa sababu hewa inapata muda wa kupanda na dizeli inarudi tangini. Angalia pia ulivyoegesha. Tangi liko nyuma. Ukiegesha pua ikitazama chini, dizeli inakaa upande wa injini na asubuhi unawaka bila neno. Ukiegesha pua juu, unasumbuka. Gari linalowaka kwa kufuata mwinuko wa uwanja halina ugonjwa wa betri.

Ukibonyeza pampu ya mkono asubuhi kabla ya kupiga stata na ukakuta laini, inabonyea mara nyingi kabla haijakaza, kisha gari likawaka mara moja, hewa imethibitika. Kinachobaki ni kutafuta inapoingilia. Anza na pampu ya mkono yenyewe: kiwambo chake cha mpira kinapasuka kwa uzee. Kisha oringi ya kitambuzi cha maji chini ya filta, ambayo mafundi wengi wanairudisha ileile kila wanapobadilisha filta. Kisha klipu za mipira, kisha vile vipande vidogo vya mpira vinavyorudisha mafuta kutoka nozeli, pamoja na kizibo cha mwisho wake.

Kuna namna mbili za kulitafuta tundu hilo. Ya kwanza ni kufunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, ukawasha gari na kutazama mapovu. Ya pili ni galoni: chomoa bomba linalotoka tangini, tumbukiza mpira safi kwenye galoni la dizeli lililowekwa chini kuliko pampu, lalisha gari hivyo. Asubuhi likiwaka vizuri, kosa liko kati ya tangi na pale ulipochomoa. Likigoma, liko mbele. Napendelea galoni. Mpira unakuambia hewa ipo. Galoni linakuambia iko upande gani.

Wapo wanaotatua yote kwa kufunga pampu ya umeme karibu na tangi. Gari linawaka kweli. Lakini tundu halijazibwa, sasa limegeuzwa: pale palipokuwa panaingiza hewa dizeli inasukumwa nje, na ikidondokea ekzosi una tatizo la aina nyingine kabisa. Ziba tundu kwanza. Pampu mpya ya mkono pamoja na oringi mara nyingi ni nafuu kuliko hiyo ya umeme.

Solenoidi, na waya wa mtu wa alamu

Ile solenoidi ndogo nyuma ya pampu inafungua mafuta ukiweka ufunguo, inafunga ukizima. Ukiiwekea umeme inatoa "tk" ndogo. Wengi wanasikia "tk" hiyo na kuivua lawama. Haitoshi. Kwanza, zipo swichi za ufunguo zilizolika ambazo zinapeleka umeme ukiwa kwenye "ON" na kuukata ukifika "START". Taa ya kupimia iwekwe kwenye waya wa solenoidi huku mwenzako anapiga stata, si kabla.

Pili, na huu ndio mtego wa kusukuma niliousema, betri dhaifu inaweza kuzungusha injini lakini ikaacha solenoidi na volti chache mno za kuinua pini yake. Injini inazunguka, mafuta hayapiti, moshi hakuna, na unaamini ni hewa. Likisukumwa, umeme wote unabaki kwa solenoidi na gari linawaka. Kipimo ni waya mmoja wa moja kwa moja kutoka chanya ya betri hadi kwenye solenoidi. Likiwaka kwa waya huo na bila huo halitaki, usiguse pampu. Fuata waya.

Ukiufuata, mara nyingi utaishia kwenye alamu. Magari mengi ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi yamefungwa alamu au swichi ya siri ya kuzuia wezi, na mahali panapokatwa ni hapohapo, waya wa solenoidi, kwa maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa selotepu chini ya dashibodi. Baada ya miaka michache ya mitikiso ya barabara ya vumbi, maungio yanagusa na kuacha. Ndiyo maana gari linagoma baada ya matuta na kuwaka fundi akiwasili. Ulinunua gari mkononi mwa mtu? Muulize kama lilikuwa na swichi ya siri.

Solenoidi yenyewe ikifa porini, inaweza kufunguliwa, pini na springi vikatolewa, ikarudishwa tupu. Gari litawaka, lakini ufunguo hautalizima tena. Utalizima kwa kukanyaga breki na kuachia klachi likiwa kwenye gia. Ni njia ya kufika mjini tu.

Hita: kwanza tazama unaishi wapi

Kwa Tanga au Mombasa, hita ni mshukiwa wa mwisho. Kwa Njombe, Makete au Limuru mwezi wa Julai, ni wa kwanza. Nimeona watu wa Pwani wakiuziwa hita sita kwa tatizo lililokuwa la ethi.

Hita zikifa moja au mbili, 1HZ inawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe unaoisha baada ya dakika moja hivi. Zikifa nne, asubuhi ya baridi haitaki na saa tano mchana inawaka bila shida. Taa ya hita kwenye dashibodi kuwaka na kuzimika si ushahidi wa uzima. Inakuonyesha muda tu. Toa ule upapi (kipande cha chuma) unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia kutoka chanya ya betri, gusa kichwa cha kila hita. Isiyowasha taa imekufa. Zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwenye upapi ufunguo ukiwa "ON". Rilei yake ina siku zake kama kontakti za stata. 300Tdi, kwa kuwa mafuta yake yanapulizwa moja kwa moja kwenye silinda, inavumilia hita mbovu kuliko hizi za Toyota.

Spreyi ya kuwashia isiguse injini yenye hita zinazofanya kazi. Ikikuta hita nyekundu inalipuka kabla ya wakati, na ringi za pistoni ndizo zinazolipa.

Pampu, ya mwisho kwenye foleni

Mwisho ni gari linalowaka alfajiri kwa mguso, ukizima kwenye foleni ya kivuko cha Likoni au Kigamboni halitaki mpaka lipoe. Tazama kasi. Likizunguka kivivu likiwa la moto, ni stata. Likizunguka kwa kasi na halishiki, sehemu ya pampu inayogawa mafuta imelika. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye mianya na presha haifiki kwenye nozeli. Injini ikiwa imezimwa, funika kichwa cha pampu, panapotokea mabomba ya nozeli, kwa kitambaa kilicholowa maji, ngoja dakika chache, piga stata. Likiwaka, una jibu ambalo hakuna mtu aliyekuuzia.

Kulika huku kunaharakishwa na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa pampu ya VE inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Uchakachuaji ndio uliofanya Tanzania ianze kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Pampu nyingi zilizolika zilikuwa zimeshakunywa mchanganyiko huo kabla ya hapo.

Ukilazimika kuishusha, ipeleke kwenye karakana yenye benchi ya kupimia pampu, na usimame kwenye hili: ipimwe kabla haijafunguliwa, uandikiwe ilichosoma, ipimwe tena baada ya kazi. Fundi anayetaka kuifungua mezani kwa macho tu, mshukuru uondoke nayo. Na kama kitambaa hakikubadilisha kitu, moshi mweupe upo, hita ni nzima na stata ina kasi, pampu ibaki ilipo. Mpe fundi kazi ya kupima mbano wa kila silinda kwanza.